Buku, Nyani na Mchemraba Usiobanduka

— Walio karibu!
— Tumekaa!
— Walio mbali!
— Tumesogea!
— Mwenye usingizi?
— Mfinye!

Msinifinye mimi, basi. Nimechoka tangu asubuhi, lakini ngano niliiahidi na ngano nitaitoa.

Palikuwa na nchi ya wanyama yenye kisima kimoja. Kiangazi kilipokaza, maji yalikuwa machache, na wanyama walichoka kung'atana. Wakaweka desturi: kila mwezi ukiandama, wawili washindane kwa mchemraba wa rangi. Mchemraba una pande sita, kila upande na rangi yake. Unamchanganyia mwenzako, naye anakuchanganyia wewe, kisha kila mmoja anazungusha wake mpaka rangi zirudi mahali pake. Anayetangulia kumaliza, nyumba yake ndiyo inayotangulia kisimani mwezi mzima. Wengine wanateka tope.

Fundi wa michemraba alikuwa Buku, yule panya mkubwa wa mashambani, mama wa watoto saba. Kila mchemraba aliukatia stika hamsini na nne, akazitia gundi, akazibandika moja moja. Na ni yeye aliyeshindana na Nyani kila mwezi, maana wengine walishakata tamaa.

Nyani alikuwa na mikono yenye nguvu na tumbo lisilotosheka. Akipewa mchemraba wake anasema, "Mimi siwezi kufikiri nikitazamwa." Anaingia nyuma ya kichaka. Huko hazungushi kitu. Chwa! anabandua. Pa! anabandika. Chwa! anabandua. Pa! anabandika. Anatoka: "Tayari!" Korongo, mwamuzi, anatazama pande zote sita, anapiga mabawa: "Nyani kashinda!" Wote walijua. Lakini nani amwambie, na meno yale?

Kisha Buku anaingia kichakani, anaokota stika zilizokunjamana, anapangusa, anatia gundi, anabandika upya. Mwezi wa kwanza hivyo. Mwezi wa pili hivyo. Mwezi wa tatu hivyo. Vidole vikamchubuka. Watoto wakawa wanalamba umande, na kitinda mimba hakulia tena, alilala tu. Buku akamtazama mwanawe, roho ikamuuma.

"Nimechoka," akasema. "Stika basi. Sasa napaka rangi."

Akatafuta udongo mwekundu, manjano, chokaa, masizi, majani mabichi na nili. Mchemraba wa Nyani akaupaka kwa unyoya, rangi nyembamba, ukakauka na ukazunguka vizuri. Wake mwenyewe aliupanga kwanza, kila upande na rangi yake. Kisha akachanganya rangi na utomvu wa fenesi, akapaka nene, ikaingia mpaka kwenye maungio. Akauanika juani siku tatu. Utomvu wa fenesi mnaujua. Ukishakauka, bila mafuta hautoki.

Siku ikafika. Buku akamchanganyia Nyani: krr, krr, krr. Nyani akaushika wa Buku. Akavuta. Mmh! Akapinda. Mmmh! Akaubana kwa magoti. Mmmmh! Haukusogea.

"Vipi, Bwana Nyani?" Buku akauliza kwa upole. "Mgumu? Nikuitie Sungura akusaidie?"

Wanyama wote wakageuka kumtazama.

"Nani? Mimi? Nisaidiwe na Sungura?" Nyani akavimba. Akawapa mgongo, akatikisa mabega, akatia krr, krr ya mdomo, kisha akaufunga mchemraba kwenye jani la mgomba. "Nimeshauchanganya! Tena vibaya sana!"

"Tumesikia," Korongo akasema. "Anzeni."

Nyani mbio nyuma ya kichaka. Akatafuta ncha ya stika. Kwaru! Hakuna. Kwaru! Hakuna. Kwaru! Ukucha ukavunjika. "Stika ziko wapi?" akanong'ona. "Jamani, stika ziko wapi?"

Buku hakuingia kichakani. Hata nguvu za hizo hatua chache hakuwa nazo. Akakaa palepale, akafungua jani, akaweka mchemraba chini.

"Tayari."

Korongo akaugeuza upande kwa upande. "Kila upande na rangi yake. Buku kashinda!"

Nyani akachomoka kichakani. "Haiwezekani! Ule haukuchang..."

"Haukuchanganywa?" Korongo akamkazia jicho. "Si wewe mwenyewe uliyesema umeuchanganya?"

Nyani akarudi nyuma ya kichaka.

Buku hakungoja vigelegele. Akambeba kitinda mimba mgongoni, akateremka kisimani, wale sita nyuma yake. Mtoto akatia ulimi majini. Lap. Lap. Lap. Akafumbua macho, akaanza kulia kwa sauti kubwa. Buku akaketi kwenye tope, akalia naye.

Ngano yangu nimeitua hapa. Mwenye mgongo mzima na aibebe.

Funzo lake? Tusidanganye michezoni, maana mkweli ndiye anayeshinda. Liandikeni hivyo hivyo kwenye madaftari. Na mwalimu akiwauliza Buku alikuwa mkweli vipi, mwambieni hakuna aliyemuuliza.