Nungunungu na Kichwa cha Kiboko

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Wewe wa nyuma, mbona kimya? Umemeza kichana? Nasema paukwa!

"Pakawa!"

Haya. Uongo utangulie, ukweli utatukuta njiani.

Hapo zamani za kale alikuwako Nungunungu, msusi wa wanyama wote. Alijua msuko mmoja tu, twende kilioni, ule wanaosukwa wafiwa kwa haraka. Mistari kumi kutoka usoni hadi kisogoni, basi. Bibi yake alisuka mistari kumi. Mama yake alisuka mistari kumi. Naye akasuka mistari kumi. Ukimwomba wa kumi na moja, alificha kichana.

Siku moja akaja Simba, mfalme. "Bi Nungu, kesho naoa. Nisuke."

Akamsuka mistari kumi. Wageni kumwona bwana harusi na kichwa cha msibani, wakaangua kilio. Walilia mpaka wali ukachacha. Fisi alilia kuliko wote, tena akauliza maiti iko wapi.

Akaja Pundamilia, naye anaolewa. Akamsuka mistari kumi, juu ya mistari yake mwenyewe! Mumewe akashindwa kujua kichwa ni kipi. Siku tatu nzima maskini alikuwa akiusalimia mkia.

Ngedere, msusi mpya wa ng'ambo ya njia, alicheka mpaka akaanguka kutoka mtini. Simba hakucheka.

"Nungu! Kesho anaolewa Kiboko. Ukiiharibu na harusi hii, kigoda chako atakikalia Ngedere, wewe urudi kuchimba mizizi."

Moyo ukampasuka Nungunungu. Kusuka alikupenda kuliko chakula.

Asubuhi akaja Kiboko na kungwi wake, Bi Kobe. Nungunungu akashika kichana, akatafuta nywele. Akatafuta mbele. Akatafuta nyuma. Akatafuta mpaka ndani ya masikio. Hakuna! Kipara kitupu, kinang'aa kama sufuria.

"Mbona huanzi?" akauliza Kiboko.

"Natafuta pa kuanzia, bibi harusi."

"Anza popote, shoga. Kichwa ni kikubwa."

Bi Kobe akaguna. "Msusi wee, leo mistari kumi utaipitisha wapi?"

Nungunungu akaogopa sana. Akafikiri akimbie. Akafikiri aseme anaumwa. Mara ya tatu akasema, "Potelea mbali!" Akachota tope la mtoni, akampaka Kiboko kichwa kizima. Kisha akashika mwiba wa mgongoni mwake, akaung'oa, akauchomeka kwenye tope. Ng'oa, chomeka. Ng'oa, chomeka. Juu ya kila mwiba akatia ua la yungiyungi.

"Bi Nungu, mgongo unabaki wazi!" akalia Bi Kobe. "Chui akija?"

"Akija atanikuta nasuka."

Harusini, Kiboko alipoingia, wageni wakaacha kula. Hata nzi walitua. Halafu vigelegele, jamani! Fisi akaangua kilio tena. Wakamwuliza, "Leo nani amekufa?"

"Mimi," akasema Fisi. "Nimekufa kwa uzuri."

Kesho yake foleni ilifika mtoni. Simba, na manyoya yake yote yale, anataka tope. Ngedere naye kaleta kichwa. "Tusuke kama Kiboko!"

Nungunungu, mgongo mtupu kama kiazi kilichomenywa, akawatazama. "Msuko ule ni wa jana. Kaeni chini, tuone leo mkono utathubutu nini."

Wakakaa. Na ile miiba? Iliota yote, tena mirefu kuliko ya kwanza.

Kiboko peke yake alikataa kubadili. Kila harusi, tope. Kila msiba, tope. Mpaka leo mtamkuta katikati ya tope, kichwa juu, anasubiri kusukwa vile vile.

Basi, wanangu, mkono usiothubutu hufa ganzi. Ulichokitoa mwilini mwako kwa kuthubutu huota tena, lakini anayeng'ang'ania cha jana, hata kikiwa kizuri, tope litamkaukia kichwani.

Hadithi yangu nimeifumua. Anayeitaka aisuke upya, ila asisuke mistari kumi.