Mnyama Aliyelala Mlangoni kwa Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, huko milimani ambako kipupwe kikiingia hata mbwa hukataa kutoka jikoni, aliishi Bi Pimbi. Mwili wake ulikuwa mdogo, msicheke, angeenea kwenye kapu la mayai. Lakini nyumba yake ilijaa: watoto, mashangazi, na Mjomba Tindo aliyependa heshima kuliko chakula. Wote walikaa ndani ya ufa wa mwamba.

Shida yao ilikuwa jalidi, ule weupe wa baridi unaotanda juu ya majani alfajiri. Ukikanyaga tu, kwaru, alama yako hiyo hapo, dunia nzima imekuona. Na jirani yao alikuwa Chui, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma alama.

Asubuhi moja Chui akafuata nyayo hadi kwenye ufa, akachungulia.

"Hodi humu ndani."

Watoto wakajificha nyuma ya mashangazi. Bi Pimbi akaitikia. "Karibu, Baba Chui. Umejuaje kama tupo?"

Swali hilo Chui alilipenda mno. Akaketi kabisa.

"Mimi hakuna alama inayonipita. Nyayo zenu hizi, zimetoka, zimerudi. Manyoya yale kwenye mwiba ni ya paa, tena anachechemea. Na pale, unaona majani mabichi katikati ya weupe? Alilala swala. Jalidi haishiki palipolaliwa. Nikiona umbo tu, namjua aliyelala."

"Makubwa," akasema Bi Pimbi. "Na huwa hukosei?"

"Alama haisemi uongo. Kesho asubuhi namleta Fisi, ana mataya ya kung'oa mawe. Mtanisamehe, jirani, lakini nina njaa."

Alipoondoka, watoto wakaangua kilio. Bi Pimbi hakulia. Alikuwa akiyatazama yale majani mabichi.

Jioni akawatoa wote nje, kando ya mwamba. "Leo tunalala hapa."

"Umerukwa na akili?" akauliza Shangazi Mkubwa.

"Tunalala kwa umbo. Mashangazi, nyinyi tumbo. Watoto, miguu. Shangazi Mkubwa, wewe kichwa. Mjomba Tindo, utakuwa mkia."

Mjomba akavimba. "Mkia? Mimi, na mvi zote hizi?"

"Mnyama lazima awe na mkia, Mjomba."

"Basi mpe mwingine. Mkia hauna wa kukumbatiana naye. Baridi yote itaniishia mimi."

Alilalamika hivyo hivyo, akalala. Wenzake wakabanana, mgongo kwa tumbo. Kulipoanza kupambazuka wakaruka mmoja mmoja juu ya jiwe kavu, wakaingia ndani bila kugusa jani. Bi Pimbi alikuwa wa mwisho. Jana yake alikuwa ameokota manyoya yenye madoa kwenye mti ambao Chui hujikunia. Akayaacha penye mdomo wa mnyama wao.

Haukupita muda, Chui akaja na Fisi nyuma yake. Mara akasimama. Fisi akamgonga, pu!

"Kuna nini, Bwana Mkubwa? Nipishe nikang'oe."

"Nyamaza. Nasoma."

Katikati ya weupe palikuwa na umbo la kijani: tumbo kama ghala, miguu minne, mkia mwembamba.

"Mkubwa huyu," Chui akanong'ona. "Kalala hapa."

"Mbona hana nyayo?"

"Ndiyo maana yake sasa. Mnyama mzito hivyo na hana nyayo, basi anaruka."

Fisi akatazama juu. Chui akanusa penye kichwa, akayaona manyoya, akayageuza, akayageuza tena. "Na anakula chui," akasema, na sauti ikamtoka ya kitoto.

"Labda ni manyoya yako, Bwana Mkubwa."

"Fisi, kati yangu na wewe, nani anajua kusoma?"

Fisi akanywea. Chui akaita kwa adabu, "Bi Pimbi, mna mgeni?"

"Tunaye, Baba. Ameuliza jirani yetu ni nani. Nilipomwambia, akafurahi sana. Ingia umsalimie."

Sasa, baridi ya usiku ilikuwa imemkaa Mjomba Tindo puani. Akajizuia, akajiziba kwa mikono miwili, wapi. CHAAFYA! Ufa ukaipokea chafya ile, ukaikuza, ukaitoa nje kama radi.

Fisi alikuwa wa kwanza kukimbia. Chui akawa wa pili, kisha akawa wa kwanza. Wakaporomoka mlima, purururu, mpaka ng'ambo ya bonde.

Bi Pimbi akatoka, akazitazama nyayo za Chui: zimeachana mbali, makucha yote nje. "Huyu harudi," akasoma, na watoto wakala majani mpaka jua likapanda.

"Mkumbuke tu," akasema Mjomba Tindo, akipangusa pua, "aliyemfukuza ni mkia."

Nami naishia hapo, wajukuu: ukijisifia ujuzi wako mbele ya unayemwonea, unamfundisha namna ya kukushinda.