Matairi Yale Yale

Wahenga hawakukitazama chombo majini kwa macho ya mpita njia. Walijua kwamba kabla hakijaelea, palikuwa na mtu aliyeinama, akapima, akakosea, akabomoa na kuanza upya. Ndiyo maana wakatuonya kwamba tusione vyaelea, vimeundwa. Onyo hilo Madaha alilijua tangu shuleni, na angeweza kumfafanulia yeyote bila kukwama. Kulielewa ndiko kulikomgharimu, na gharama yenyewe ilikuwa mama yake.

Madaha na kaka yake walitoka tumbo moja, lakini tabia zao zilipishana kama mbingu na ardhi. Mkubwa alikuwa fundi wa magari, mtu wa maneno ya kuhesabika, hata watu wakambandika jina la Kimya. Mdogo alipenda shati lililonyooshwa kwa pasi na salamu za barabarani, na jina la Madaha lilimkaa kama nguo ya kushonewa. Kila mmoja alikuwa na gari lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Magari yale yalikuwa pacha: aina moja, injini moja, hata rangi ya kijani ilikuwa imefifia mahali pale pale. Kwa magari hayo walibeba watu na magunia kuvuka kilima kilichotenganisha kijiji chao na mji wenye soko na hospitali.

Kilima hicho kilikuwa na kona tisa na mawe makubwa kama vichwa vya ng'ombe. Mvua ikinyesha, tope lilimeza mguu hadi gotini, na hapo hakuna gari lililothubutu kupita. Mwaka mmoja Kimya aliliingiza gari lake bandani, akafunga mlango, na kwa miezi mitano halikuonekana barabarani. Abiria wote wakawa wa Madaha. Kila alipopita nje ya banda alipiga honi na kuchungulia dirishani.

"Kaka, hilo gari umelilaza au umelizika?"

"Bado," Kimya alijibu kutoka uvunguni, miguu yake tu ikionekana.

Siku alipolitoa, gari lilikuwa limesimama juu ya matairi mapana, marefu ya kufika kiunoni mwa mtu mzima. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Gari likakipanda kilima polepole, bila kukoroma wala kuteleza, likapotea upande wa pili. Watu waliokuwa wamesimama vibarazani wakashika vichwa. "Matairi hayo!" wakasema. "Jamani, matairi hayo!"

Abiria wakahamia kwa Kimya, na wivu ukamkaa Madaha kooni kama mwiba wa samaki. Haukupita mwezi naye akapata matairi yale yale, akayafunga kwa mikono yake mwenyewe, kisha akalipeleka gari bandani ili kaka yake alione.

Kimya alilizunguka mara mbili. Akachuchumaa nyuma, akaligonga kwa spana lile donge la chuma lililo katikati ya ekseli, ambalo mafundi huliita difu.

"Humu ndani umebadilisha?"

"Nibadilishe nini, na hakuna kilichoharibika?"

"Mdogo wangu, tairi likiwa kubwa, kila mzunguko mmoja unakwenda mbali zaidi. Ni sawa na mtu anayepanda ngazi kwa kuruka vidato viwili viwili. Miguu ni ile ile, pumzi ni ile ile, mwisho anachoka. Hapa atakayechoka ni injini na klachi. Lazima ubadilishe gia za humu, mbele na nyuma, na zilingane, ili injini izunguke mara nyingi zaidi kabla tairi halijamaliza duara. Utapoteza mbio, lakini utapata nguvu."

"Kwa hiyo langu nalo lilale kama lako?"

"Miezi miwili tu. Sasa najua njia. Tutafanya pamoja."

Madaha akaguna. "Miezi miwili, na wewe ubaki peke yako kilimani. Sema tu ukweli, kaka. Hutaki tugawane abiria."

Kimya aliinuka. Akachukua kitambaa, akafuta grisi mikononi, akarudi uvunguni mwa gari la mteja. Hakulizungumzia tena jambo hilo.

Gari la Madaha lilipendeza kwelikweli. Kwenye njia tambarare lilipita kama bwana harusi, na watoto walilikimbilia. Kilima alikipanda mara mbili, njia ikiwa kavu na gari likiwa tupu. Mara zote mbili ilitoka harufu kali ya kuungua, kama ya kwato iliyotiwa motoni. Madaha alifungua madirisha na kuongeza sauti ya redio.

Mama yao aliishi kwa Madaha. Alikuwa na kifua kilichombana kila majira ya baridi, na dawa yake ya kuvuta haikuachana na mkono wake. Asubuhi moja ya manyunyu dawa ile haikumsaidia. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono imeshika magoti, midomo imeanza kupauka, akiitafuta hewa kama mtu aliyetolewa majini.

"Tumpeleke kwa shemeji," mke wa Madaha alisema huku akimvika mama mkwe wake sweta. "Ni hapo chini tu. Gari lake limezoea njia ya mvua."

"Na hili lina kasoro gani? Matairi si yale yale?"

Mama aliinua mkono. Maneno yake yalitoka moja moja. "Mwanangu, mwite kaka yako. Msishindane juu ya kifua changu."

"Mama, tukianza kuzunguka huko tunachelewa. Nusu saa tu utakuwa mbele ya daktari."

Akambeba, akamlaza kiti cha nyuma, kichwa kikiwa mapajani mwa mkewe. Kona ya kwanza waliipita. Ya pili na ya tatu gari lilitetemeka mwili mzima kama mgonjwa wa homa. Kwenye kona ya nne injini ikazimika. Madaha akaiwasha, akakanyaga mafuta hadi mwisho, akaiachia klachi nusu nusu. Matairi makubwa yakajongea kidogo, yakagoma. Akarudia. Akarudia tena. Ile harufu ikajaa ndani ya gari, safari hii pamoja na moshi, na mama akaanza kukohoa kikohozi kikavu kisichokwisha. Mara kanyagio la klachi likalegea chini ya mguu wa Madaha. Injini ikawa inavuma peke yake, haivuti chochote.

"Mtoe nje, moshi utamuua!" mkewe alipiga kelele.

Wakamtoa, wakamkalisha juu ya jiwe kwenye manyunyu, mwavuli juu yake. Madaha akaweka mawe nyuma ya matairi, akateremka kilima mbio. Alianguka mara tatu. Alipofika bandani shati lake lilikuwa tope tupu, naye anahema. Kimya alimtazama tu usoni.

"Mama yuko wapi?"

"Kona ya nne."

Kimya aliruka garini, Madaha akamfuata. Gari lake lilifika kona ya nne bila kupandisha sauti, likalipita lile jingine lililokwama pembeni, likasimama. Wakampakia mama. Sasa ni Madaha aliyekaa nyuma na kumshika. Kwa muda mama alisikiliza, jicho moja limefumbuka.

"Gari la Kimya," alinong'ona, "nalo kimya."

Alikuwa bado anatania. Madaha alijaribu kucheka, akashindwa. Walivuka kilele, wakateremka upande wa pili, injini ikilishikilia gari kama mkono wa mzee unavyomshika mjukuu. Kabla ya kuingia mjini, Madaha alihisi kifua alichokuwa amekikumbatia kimetulia. Akadhani hewa imepatikana.

Daktari alitoka mwenyewe hadi mlangoni. Akamgusa shingoni, akamsikiliza kwa kipimo chake. "Poleni sana," alisema. "Mngewahi hata saa moja tu."

Baada ya mazishi watu walimfariji Madaha, wakamwambia siku ya mtu ikifika imefika. Aliitikia kwa kichwa. Siku ya tisa alikwenda bandani, akasimama mlangoni.

"Kaka, nionyeshe," alisema.

Kimya alivuta sanduku la mbao kutoka chini ya meza, akalimwaga sakafuni. Ulikuwa mlundikano wa vyuma: gia zilizong'oka meno, shafti ya kuzungushia magurudumu iliyojipinda kama kamba.

"Gia ya zamani ilikuwa na meno kumi, ikizungusha kubwa yenye arobaini na moja," alisema. "Kwanza nilibadilisha za nyuma tu. Mbele na nyuma zikavutana, shafti ikapinda namna hiyo. Nikajaribu nyingine, nguvu zikazidi mno. Kwenye tambarare injini ikalia kama inachinjwa. Za tatu ndizo hizi nilizo nazo: meno manane kwa thelathini na tisa. Hizo nazo nilizifunga na kuzifungua mara saba ndipo zikaumana vizuri."

Akainua mkono wa kushoto. Kidole cha mwisho kilikuwa kimebaki nusu.

"Hiki je?"

"Mara ya tano."

Madaha alikumbuka kuona kitambaa mkononi mwa kaka yake, mwaka ule wa honi na vicheko. Hakuwahi kuuliza. Akakaa chini katikati ya vyuma na kulia kwa sauti.

"Nimemuua mama, kaka."

Kimya alikaa kando yake. "Nilikwambia mara moja tu," alisema. "Mtu akimwona nduguye anaelekea shimoni, hamwambii mara moja. Ulinikasirisha, nikajinyamazia. Hili tutalibeba wawili."

Walifanya kazi miezi miwili na siku sita. Madaha alilala uvunguni, akahesabu meno, akapaka rangi kwenye gia ili aone zinapoumana, akafungua alichokifunga jana. Siku nyingine walishinda bila neno, na mmoja wao alisikika akipenga kamasi upande wa pili wa ekseli, mwingine akijifanya hakusikia.

Gari lilipotoka, lilikipanda kilima kwenye mvua na abiria sita. Kileleni dereva mmoja mgeni, aliyesubiri njia ikauke, alimsimamisha Madaha. "Bwana, hayo matairi umeyapata wapi? Nami nataka yale yale."

Madaha alizima injini, akashuka na shati lake lenye madoa ya grisi. Alitazama chini kwenye kona ya nne, kisha akamshika mgeni bega na kumwinamisha hadi akaliona lile donge la chuma katikati ya ekseli.

"Ndugu yangu," alimwambia, "usione vyaelea, vimeundwa."