Pono Aliyepanda Matumbawe Meupe

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa mwamba!

Mwamba wa nani?

— Wa aliyeupanda!

Na aliyelala?

— Mwamsheni naye asikie!

Haya. Aliye karibu na yule mwenzetu pale nyuma ampige kiwiko, maana hadithi hii ni yake. Na ni yangu pia, msicheke. Mimi nikilala, hata jogoo hukata tamaa.

Hapo kale, samaki walipokuwa wakisema na sisi watu tulipokuwa hatusikii, palikuwa na samaki aitwaye Pono. Mdomo wake kama wa kasuku, rangi zake kama khanga mpya. Na kichwa chake? Mwenyewe alisema, "Hiki Mungu alinipa cha kubebea mdomo tu." Kazi zake zilikuwa mbili: kula na kulala. Akila, aliuguguna mwamba, gugu, gugu, gugu, akatoa mchanga nyuma. Akilala, alilala kweli. Alijifunika shuka ya ute wake mwenyewe, akajipachika pangoni, dunia ikaendelea bila yeye.

Siku moja, puu! Puu! Puu! Baruti.

Mwamba ukavunjika vipande vipande. Nani alirusha? Mbona mnaangaliana? Ni sisi, wenye akili. Tulitaka kitoweo cha siku moja, tukabomoa nyumba ya kitoweo cha maisha.

Pono aliamka. Hakuamshwa na baruti, aliamshwa na njaa. Akakuta hana paa, hana ukuta, hana mlango. Akasema, "Ah, hewa safi," akalala tena palepale mchangani. Na Mkunga naye, yule mrefu kama kamba ya ng'ombe, akapita, akamwona.

Asubuhi mkewe, Mama Chenga, akamtazama kwa nyuma.

"Baba Chenga, ncha ya mkia wako iko wapi?"

Pono akageuka kuutazama mkia. Akazunguka mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. "Mke wangu, nadhani nimekonda."

"Hukukonda, umeliwa! Mkunga amekuonja. Akirudi, atarudi na pilipili. Tafuta pango la kulala, mume wangu, usinifanye mjane wa mtu ambaye hata hatajua kwamba amekufa."

Basi siku hiyohiyo ikapigwa mbiu ya msaragambo. Aliyeipiga ni Bi Pweza, mwenye mikono minane na hakuna hata mmoja unaokaa bure. Wakaja wote. Akaja Changu, akaja Tasi, akaja Kaa aliyekuwa msimamizi wa mambo ya mwamba, mwendo wa ubavu na neno moja kwa moja.

"Wenzangu," akasema Bi Pweza, "mwamba hauoti kwa kulia. Tutaupanda wenyewe. Hakuna ujira, hakuna posho. Tutaokota pingili za matumbawe zilizo hai, tuzipachike kwenye nyufa, tuzifunge zisichukuliwe na mkondo. Na desturi ni ile ya babu zetu: tumbawe lako likishika, pango la chini yake ni lako. Lisiposhika, huna."

Changu akacheka. "Bibi wee, mgomba changaraweni haupandwi ukamea, sembuse jiwe baharini?"

"Tumbawe si jiwe, Changu. Lina uhai, linakula, linakua. Linakua polepole, lakini limeshaipita akili yako."

Wakacheka. Kikapanda kipezi kimoja nyuma kabisa. "Na mimi najitolea."

Ni Pono. Sasa walicheka kweli.

"Wewe?" akasema Kaa. "Wewe mla kuta? Ni sawa na mchwa kuomba kazi ya useremala!"

Pono naye akacheka, maana kujicheka alikuwa hodari. "Kweli kabisa, Mzee Kaa. Lakini hata mchwa ana pa kulala."

Bi Pweza akanyoosha mkono, kelele zikakoma. "Msaragambo haufukuzi mtu. Pono, pingili ziko kule bondeni. Chagua zilizo hai. Unazijua?"

Wenzangu, Pono alikuwa hazijui. Maisha yake yote alikuwa akiuguguna mwamba, wala hakupata kuutazama. Lakini bahari nzima ilikuwa inamwangalia. "Mimi?" akasema. "Mimi nimezaliwa humu!"

Kuuliza si ujinga. Lakini swali lilipofika kwenye koo la Pono, likakuta pamejaa majivuno, likarudi.

Akafika bondeni. Akaona pingili za aina mbili. Hizi za kahawia, zinateleza. Hizi nyeupe, zinakwaruza, zinang'aa. Akakuna kichwa. Mara nyuma ya jiwe ikatokeza pua ya Mkunga.

"Ndugu yangu Pono, wahangaika nini?"

Pono akaruka. "Wewe si ndiye uliyekula mkia wangu?"

"Yamepita hayo. Tena ulikuwa mtamu. Nikasema moyoni, samaki mtamu hivi hawezi kupanda takataka. Tazama hizi za kahawia, zimechakaa. Tazama hizi nyeupe! Nyeupe kama kanzu ya Ijumaa. Msafi huchagua kilicho safi."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Pono hata mgema hakuwa. Akabeba nyeupe. Akaenda akiimba. Imbeni nami:

*Panda, Pono, panda,*
*pango halijengwi ndotoni!*

Safari ya kwanza akakutana na Changu. "Pono, mbona meupe?" "Wivu huo, Changu." Akapita.

*Panda, Pono, panda,*
*pango halijengwi ndotoni!*

Safari ya pili akakutana na Tasi. "Pono, mbona meupe?" "Haya ni ya wenye macho, Tasi." Akapita.

*Panda, Pono, panda,*
*pango halijengwi ndotoni!*

Safari ya tatu akakutana na Kaa. "Pono! Mbona meupe?" "Mzee Kaa, macho yako yamekaa juu ya vijiti. Uzuri utauonaje?" Akapita. Akapachika, akafunga, akarudi nyuma kulitazama shamba lake. Likapendeza hasa. Na kwa kuwa alikuwa amefanya kazi, akalala. Mama Chenga akaketi ubavuni kumlinda, asile, asilale.

Mwezi ukaandama, mwezi ukafa. Matumbawe ya wenzake yakashika. Yakatoa vincha, vidogo kama vidole vya mtoto mchanga. Ya Pono hayakutoa kitu.

"Yangu yana subira," akasema Pono.

Akaja Bi Pweza kukagua. Akaligusa la kwanza, likamomonyoka. Akaligusa la pili, likamomonyoka. Akaligusa la tatu kwa ncha tu ya mkono, likawa unga.

"Pono, mwanangu," akasema taratibu, "haya yamekufa tangu siku ya baruti. Lililo hai lina rangi yake na ute wake. Jeupe hili ni mfupa. Umepanda mifupa."

"Uzuri wa mkakasi," akapiga kelele Changu, "ndani kipande cha mti!"

Wakacheka mpaka maji yakachafuka. Pono akacheka pamoja nao. "Kumbe mimi si mkulima, mimi ni mchimba kaburi! Tena tazameni nilivyozika kwa mstari ulionyooka!"

Lakini akamwona Mama Chenga. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha, na hakuwa akicheka. Pono akaona aibu, aibu kubwa, akatamani kulia. Akalia. Nani angejua? Kilio cha samaki, machozi huenda na maji.

"Desturi ni desturi," akasema Kaa. "Hana tumbawe, hana pango."

Sasa, ndugu zangu, mashamba ya wenzake nayo hayakuwa salama. Mwani ulikuwa umeota, mrefu, mzito, unayaziba matumbawe machanga yasipate mwanga. Bi Pweza aling'oa kwa mikono minane. Kaa alikata kwa magando mawili. Leo wameng'oa, kesho umerudi. Tena kila waling'oapo, pingili nazo zilitoka. Wakachoka, wakaondoka wote kwenda barazani kushauriana.

Pono akasema, "Mke wangu, acha nikajifiche, nisionekane na mtu." Akaingia katikati ya mwani, akajikunyata. Na Pono akiwa na huzuni hufanya nini? Mmeshajua. Gugu, gugu, gugu. Akala kwa huzuni. Akala kwa aibu. Akala kwa mazoea tu. Alipofumbua macho, hakuna mwani. Mashamba yote yako wazi kama kichwa kilichonyolewa.

"Yarabi! Nimekula mali ya watu!"

Akakimbia. Na wenzake ndio hao wanarudi, wakayaona mashamba, wakapaza sauti: "Pono! Pono! Pono!" Wakamfukuza. Mwenye magando anakuja, mwenye miiba anakuja, mwenye mikono minane yuko mbele yao. Pono akafika kwa mkewe akitweta.

"Nimekula, ndiyo! Sikupanda, nikala! Nihukumuni mimi, lakini mke wangu hakuonja hata jani!"

Bi Pweza akamkamata kwa mikono yote. Pono akafumba macho.

"Umekula mwani wote?"

"Wote, shangazi."

"Na matumbawe?"

"Yale ya kahawia? Hayo sikuyagusa. Yanateleza."

Wakageuka kuangalia. Matumbawe yalikuwa yamesimama, yamepata mwanga, kila kincha mahali pake.

"Mpumbavu mwenye baraka," akasema Bi Pweza, akicheka na kulia. "Mikono minane imeshindwa, mdomo mmoja umeweza!"

Wakashangilia. Kaa akakohoa. "Sawa, tunashukuru. Lakini desturi? Tumbawe lake liko wapi? Pango tutampaje?"

Shangwe zikakatika. Pono akainamisha kichwa. Hapo Mama Chenga akasogea mbele, mpole, kama mtu aombaye chumvi.

"Mzee Kaa, desturi tunaiheshimu. Aliyepanda ndiye mwenye pango. Je, imesema neno juu ya mgeni?"

"Mgeni? Hapana."

"Basi mume wangu hataki nyumba ya mtu. Atalala kwa yeyote atakayemkaribisha. Nami namjua mume wangu. Popote alalapo, huamka na njaa."

Wakatazamana. Hamkuuona mwani wao ukiwapita machoni? Changu akawa wa kwanza. "Pono, ndugu yangu, leo lala kwangu." "Kwangu kwanza!" akasema Tasi. Na Kaa, macho yakicheza juu ya vijiti, "Ehe... mlango wangu ni mpana. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Siku hiyo Mkunga alikuja na pilipili yake. Akaingiza pua mlangoni, ikapokelewa na gando. Ndiyo maana mpaka leo mkunga hufumbua na kufumba mdomo, hufumbua na kufumba. Bado anasema ai! ai! ai!

Na Pono? Ndani ya tumbawe la mwenzake alijifunika shuka yake, akalala bila hofu, na Mama Chenga naye akalala kwa mara ya kwanza. Ule ndio usingizi wa pono mnaousikia.

Na sisi, wenye akili? Tukamwona pono kanona. Tukamvua, tukamkaanga, tukamla na wali, tukalala kama yeye. Tulipoamka, mwamba umejaa mwani. Tukaitisha mkutano, tukaulizana ni nani atakayeupalilia.

Hadithi yangu imefika pwani. Ikiwa tamu, pandeni pingili yake. Ikiwa chungu, ipalilieni.

Na yule mwenzetu pale nyuma?

— Kalala!

Mwacheni. Ila mwulizeni kwanza: ana pango?