Namba ya Diwani

Diwani Kasiga, aliyewauzia watu maji ya kisima chake kwa ndoo, alipochaguliwa tu, aliitupa kabatini laini waliyoijua wapiga kura wake, wasije wakamsumbua. Ilikaa bila vocha mpaka ikafungwa, na kampuni ya simu ikaiuza namba upya. Ikamwangukia Tunu, msusi wa sokoni, na wateja wake wote wakazoea kumpata hapo.

Uchaguzi mwingine ulipokaribia, Kasiga akaingia saluni, tumbo likimtangulia.

“We binti, lete laini yangu.”

“Shikamoo, mheshimiwa. Si ilifungwa?”

“Ifungwe na nani? Sijawahi kuiacha hata siku moja! Lete, kabla sijaifunga saluni yenyewe.”

Tunu akaona riziki yake inaondoka.

“Basi niwaage wateja kwa meseji moja.”

“Aga haraka.”

Akaandika, kidole juu ya kitufe cha kutuma.

“Ila hawa kina mama watasema nimeiba. Waambie mwenyewe ni ya nani.”

Kasiga akawageukia waliosubiri kusukwa. “Mama zangu, namba hii ni yangu! Meseji yoyote ikitoka humo, nimeandika mimi!”

Tunu akabonyeza. Simu zikalia saluni nzima, kisha kibanda cha jirani, kisha soko zima.

Mama Shani akasoma kwa sauti: “‘Ndugu wananchi, kuanzia leo geti la kisima changu liko wazi. Choteni maji bure. Diwani wenu, Kasiga.’ Jamani, ndoo zangu ziko wapi?”

Kasiga akamsogelea Tunu.

“Namba si yangu,” akanong’ona.

“Paza sauti, mheshimiwa,” Tunu akasema. “Wa nje hawajasikia.”