Kifungu Hakisemi

Kacha! Ni mlio huo mmoja tu uliosikika usiku, hapo kale, wanyama walipokuwa na nyumba, mashamba na baraza la kijiji. Kulipokucha, ua wa Bibi Kalunguyeye ulikuwa umelala chini upande wa kisima. Mbegu zake za mtama zilikuwa zimeliwa, mitungi miwili mizima. Mtungi wa tatu ulibaki.

"Nani, Bibi?" aliuliza jirani yake, Nguchiro.

"Fulani."

"Fulani gani?"

"Aliyesema nikimtaja atanikanyaga, mimi na nyumba yangu. Niache, mjukuu wangu."

Baraza lilitaka mwizi. Nguchiro alikuwa mdogo, anakaa karibu, na hana ukoo wa kumtetea. Wakasema ni yeye, wakampa siku saba ahame.

Siku ya sita, akiwa anafunga virago, akaja Kiboko. Kiboko alitaka kuingia shule ya sheria ya Mwalimu Korongo ili awe hakimu, lakini mtihani wa ufahamu ulikuwa umemwangusha mara mbili.

"Kijana, wewe unajua kusoma. Nifundishe kabla hujaondoka."

"Unakosea wapi, mzee?"

"Korongo anasema najibu ninayoyajua, sijibu yaliyoandikwa. Sasa nijue halafu ninyamaze?"

Nguchiro aliiweka kamba chini.

"Njoo kesho barazani. Nitakuandikia kifungu. Mwalimu awepo, aone ulivyoiva."

Kesho yake baraza lilijaa. Nguchiro akasoma polepole:

"Usiku mmoja mwizi alivunja ua wa bibi mmoja. Alikula mbegu za mitungi miwili, akaacha wa tatu, akaenda zake. Swali la kwanza. Alikula mitungi mingapi?"

"Miwili."

"Sawa."

Kiboko akatikisa masikio, pwa, pwa.

"La pili. Aliingilia wapi? A, mlangoni. B, upande wa kisima. C, kifungu hakisemi."

"B."

"Kifungu hakisemi, mzee."

"Kisiseme. Ua ulioanguka si ule pale? Kila mtu anauona."

Watu wakacheka. Nguchiro hakucheka. Swali lililobaki lilikuwa moja, na yeye mwenyewe hakujua jibu lake.

"La tatu. Kwa nini aliuacha mtungi wa tatu? A, alishiba. B, alisikia mtu anakuja. C, kifungu hakisemi."

"Kisome mwenyewe, Kiboko," alisema Mwalimu Korongo. "Taratibu."

Kiboko akachukua karatasi mkononi mwa Nguchiro, akasoma, akakunja uso.

"Swali bovu hili. Jibu lenyewe halimo. Ashibe nini, kwa mitungi miwili? Ule wa tatu ulitiwa majivu na pilipili. Ulimi uliwaka mpaka asubuhi."

Hakuna aliyeuliza ni ulimi wa nani.

Bibi Kalunguyeye akainuka, miiba imemsimama.

"Majivu yale niliyatia peke yangu, mlango nimeufunga, kuzuia wadudu. Sikumwambia mtu. Hata huyu mjukuu wangu sikumwambia."

"Mmesikia," alisema Mwalimu Korongo. "Anayejibu zaidi ya alichosoma hujitolea ushahidi mwenyewe. Sasa, Bibi, ni nani?"

Bibi akatazama huku na huku. Nguchiro alikuwa amesimama kushoto kwake, Mwalimu kulia, na kijiji kizima nyuma yao.

"Kiboko," alisema.