Kwa Nini Mchezaji Huagwa na Nahodha Anayemwacha

Hapo zamani, mchezo wa kupiga mpira kwa rungu ulipokuwa bado mchanga huku milimani, hakuna aliyejua mchezaji amehama lini. Wengine walisema ukilala upande wa pili, basi umehama. Wengine wakasema la, mpaka ule chakula chao. Na majina ya utani ndiyo usiseme! Kila mtu alijipachika lake, leo Simba, kesho Tufani, hata kama mpira wenyewe hajawahi kuugusa. Lakini adhabu ilijulikana vizuri sana. Aliyecheza upande usio wake alichomewa rungu lake, na hakucheza tena maishani.

Shemdoe wa Bondeni alikuwa hodari wa mchezo huo. Akishaupiga mpira alikuwa haonekani ila kisogo, na wenzake walimwita Kipanga. Nahodha wake, Mzee Kaoneka, ndiye aliyemlea alipofiwa na baba, akamfundisha kushika rungu.

Masika moja mlima uliporomoka, ukafukia shamba la Shemdoe lote. Wakwe zake wa kijiji cha Juu wakampa mahali pa kulima, akahamia huko na mkewe, Nyange. Kuhama nyumba halikuwa jambo. Kilichomnyima raha ni mchezo wa mavuno uliokuwa ukikaribia. Bondeni walijua Shemdoe ni mchezaji wao, Juu nao walijua ni wao, na maneno yalivuma huku na huko, mwenyewe hajaulizwa. Akisikia mtu anakohoa nje, alijificha nyuma ya mlango.

"Mume wangu, si uende ukamwambie mzee?" alisema Nyange.

"Nitamwambiaje? Yule ni baba yangu. Nikifungua kinywa tu, nimemtupa."

Basi akanyamaza, akidhani ukimya utamwokoa. Wapi!

Siku ya mchezo ilipofika, alijikuta amesimama katikati ya uwanja, rungu mkononi. "Kipanga wetu!" walipiga kelele watu wa Juu. "Wenu tangu lini?" walijibu Bondeni. Wazee wakabishana mpaka mate yakawakauka. Mwishowe mmoja akasema kwamba mtu asiye na upande ni msaliti wa pande zote, na vijana wakaanza kuwasha moto wa kuchomea rungu lake.

Hapo Mzee Kaoneka akaja taratibu, akasimama mbele yake.

"Mwanangu, wewe mwenyewe unataka kumchezea nani?"

Lilikuwa swali dogo, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Machozi yakamtoka.

"Baba, nataka kuwachezea hawa ninaoishi nao sasa. Nisamehe. Niliogopa kukwambia."

Katika miaka yote ya kumlea, Mzee Kaoneka hakuwahi kumwita kwa jina la utani, kwa kuwa aliona kumsifu wa kwako ni kujisifu mwenyewe. Akamshika bega, akamgeuza awatazame watu wa Juu.

"Haya, mchukueni Kipanga wenu," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. Kisha akawageukia vijana wake. "Zimeni moto huo. Na mjihadhari, huyu sasa ni mpinzani, na nimemfundisha mimi."

Hakuna aliyebisha tena. Kama aliyempoteza amekubali, nani mwingine wa kukataa?

Na tangu siku hiyo, mchezaji wa rungu hahesabiwi kuwa amehama mpaka amtamkie nahodha wake ana kwa ana, naye amkabidhi mbele ya watu. Jina la utani nalo si jina mpaka litoke kinywani mwa mpinzani. Na ndiyo maana mpaka leo, mkono wa nahodha ukishaondoka begani mwa anayehama, sote hugeuka tukatazama pembeni kidogo, ili mzee wa watu apate nafasi ya kufuta macho.